Mhuri wa Mama Haginaka

Mitsue Haginaka hakuumbwa kukaa kitako. Mumewe, aliyekuwa dereva wa tramu mpaka jiji la Osaka lilipong'oa reli zake, alizoea kuwaambia majirani kwamba amewahi kuongoza magari ya tani kumi na tano na yote yalikuwa na breki, isipokuwa hili moja aliloliweka ndani. Akila, Mitsue atasimama mara tatu. Akitazama televisheni, ataifuta vumbi huku anaitazama, na mumewe abaki kuangalia mgongo wake. Hata kwenye bafu la mtaa, wenzake wakijitumbukiza ndani ya maji ya moto na kufumba macho, yeye alikuwa keshatoka, keshajikausha, na anamsuta mwenye bafu kwa ndala zilizopangwa ovyo.

Mtu wa namna hii ndiye aliyepewa kazi ya kusubiri.

Amplifaya ya transista, ile inayoichukua sauti nyembamba ya santuri na kuipa nguvu ya kusukuma spika kubwa, haipimwi ikiwa baridi. Inawashwa, inaachwa nusu saa ipate joto lake, ndipo anapokuja mtu mwenye bisibisi ndogo na kuzungusha skrubu moja, kidogo sana, ili transista za mwisho ziwe zinapitisha umeme kiasi hata muziki ukinyamaza. Umeme huo ukiwa mdogo mno, sauti inakwaruza pale muziki unapokuwa mpole. Ukizidi, transista zinajikaanga zenyewe. Na ukizungusha skrubu kabla ya wakati, umejidanganya, kwa sababu kipimo cha chombo baridi si kipimo cha chombo moto. Katika kiwanda cha Kurozumi, ghorofa mbili za mbao kwenye uchochoro wa Higashinari, mwenye bisibisi hiyo alikuwa Mitsue. Nusu saa ya amplifaya moja aliitumia kufagia, kuchemsha chai ya shayiri, kupanga skrubu kwa urefu, na kuwaudhi watu kumi waliokuwa wakifanya kazi zao kwa amani.

"Shangazi, kaa basi!" wasichana wa meza ya kuunganishia nyaya kwa risasi ya kuyeyusha walimlalamikia. "Unatutia kizunguzungu."

"Nikikaa nani atawaona mnavyopiga soga?"

Lakini mkono kama wake hakuwa nao mtu mwingine. Aliingia kiwanda cha valvu za redio, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, akiwa na miaka kumi na sita, mwaka wa pili baada ya vita, akisuka nyaya nyembamba kuliko unywele. Kisha akaja kwa Mzee Kurozumi, ambaye siku hizo alitengeneza amplifaya za valvu kwa ajili ya majumba ya sinema. Mwaka mmoja mzee akarudi kutoka maduka ya Nipponbashi na transista nane zilizofungwa ndani ya gazeti kama karanga, akazimwaga mezani na kutangaza kwamba valvu zimekwisha. Valvu hazikuwa zimekwisha, na transista nusura ziwamalize wao. Transista za kwanza, zile za germaniamu, zilikuwa na tabia ya mlevi: zikipata joto hunywa umeme zaidi, na zikinywa zaidi hupata joto zaidi, mpaka zinakufa. Kiangazi cha mwaka wa Olimpiki ya Tokyo amplifaya kumi na tisa zilikufa sebuleni kwa watu. Kurozumi alizunguka Osaka nzima na maboksi ya keki za maharage matamu, akiinama kwenye kila kizingiti, na Mitsue nyuma yake akiinama vilevile. Humo ndimo alimojifunza kugusa chuma cha kupozea kwa mgongo wa kiganja na kujua, kabla ya mita yoyote, kama kuna ugonjwa unakuja. Transista za silikoni zilipoingia na mambo kutulia, Kurozumi alimpa kazi ya kuchagua transista mbilimbili, moja ya kusukuma na moja ya kuvuta, zenye nguvu sawasawa. Akampa pia kazi ya mwisho kuliko zote, ya kupiga mhuri.

Kila amplifaya iliyotoka pale ilikuwa na kadi ndani ya boksi, na juu ya kadi mhuri mwekundu wa mviringo, mdogo kama kitufe cha shati: Haginaka. Mhuri wenyewe ulikuwa wa mti, aliununua kwa mshahara wake wa kwanza baada ya kuolewa, na aliuweka kwenye mfuko wa aproni pamoja na leso.

Sasa, nchi ile ina kichaa kimoja ambacho wenyewe wamekizoea hata hawakioni. Umeme wa mashariki unapiga mara hamsini kwa sekunde, wa magharibi mara sitini, na mpaka wake ni Mto Fuji. Ukihama Osaka kwenda Tokyo na mashine yako ya kufulia, inaanza kufua kwa uvivu. Transfoma nayo, lile donge la chuma na shaba linaloilisha amplifaya umeme, inaelemewa zaidi na umeme wa hamsini. Iliyo imara Osaka inaweza kuchemka Tokyo. Kwa hiyo Kurozumi alinunua mashine ya mitumba, mota kubwa inayozungusha jenereta, yenye kazi moja tu ya kutengeneza umeme wa mashariki. Ilikaa kona ya chini, inanguruma kama basi bovu, na kila mtu aliiita Tokyo. Katika kila amplifaya arobaini, nne lazima zikae Tokyo saa nzima, moja baada ya nyingine, na Mitsue akae nazo. "Hii imeshakwenda Tokyo?" ndivyo walivyoulizana. Ikiwa imekwenda ikarudi salama, kadi inapigwa mhuri wa pili.

Transfoma zilitoka kwa Mzee Minakuchi, uchochoro wa pili. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na alizizungusha nyumbani kwake kwa mashine ya mkono, mkewe Bi Ritsu akitia karatasi kati ya tabaka na tabaka. Mashine ilikuwa na kihesabio chake cha chuma, lakini Minakuchi alihesabu kwa sauti vilevile, mizunguko mia mbili na arobaini, kisha akaongeza miwili. Ukipita nje utamsikia. Watoto wa mtaa walijifunza namba kwake.

Msimu ule wa kuchipua, 1974, vitu vilikuwa vimeadimika. Mafuta yalipanda, akina mama walikuwa wamegombania karatasi za chooni madukani, taa za matangazo zilizimwa, na bati la chuma la transfoma halikupatikana kwa muuzaji wa kawaida. Minakuchi akapata la kiwanda kingine. Alipoleta mzigo wa kwanza, alifunga kikaratasi kwa uzi kwenye transfoma ya juu, mwandiko wa brashi, umenyooka: *Chuma kimebadilika. Mikononi nakiona kigumu. Tafadhali msikipokee kabla ya kukipeleka Tokyo saa nzima.*

Mitsue alikisoma. Akakitia kwenye mfuko wa aproni, pamoja na mhuri na leso.

Siku ya kupima ilikuwa Ijumaa. Lori la kupeleka amplifaya arobaini kwa Bwana Nagumo, mwenye duka kule Akihabara, Tokyo yenyewe, lilikuwa linakuja saa tisa alasiri. Nagumo hakuwahi kununua kwa Kurozumi. Hizi arobaini zilikuwa za kujaribiana, na akizipenda atachukua za mwaka mzima. Kurozumi alipita pale chini, akaiangalia mashine ya kona, akanung'unika kwamba dubwana lile linakula umeme kama ng'ombe anavyokula majani, akaenda zake juu. Hakumkataza mtu kuiwasha. Ni kunung'unika tu, kama ilivyo desturi ya wenye viwanda.

Mitsue akaiwasha. Akaweka amplifaya ya kwanza, akakaa. Kelele ile ilimwingia kwenye meno. Akatazama saa ya ukutani: dakika moja. Akasuka vidole. Akakumbuka kamba za maboksi hazijakatwa, na kwamba msichana mpya anafunga maboksi kichwa chini. Akagusa transfoma, vuguvugu. Dakika nne. Mguu wake ulikuwa unapiga sakafu wenyewe. Dakika ya saba akagusa tena, vuguvugu ileile, hakuna sauti, hakuna harufu. Mkono huu haujawahi kunidanganya, akajiambia. Akaizima Tokyo, na utulivu ulioingia ulikuwa mtamu kama maji. Akapiga mhuri wa pili kwenye kadi nne, moja ya ile aliyoikalia dakika saba, na tatu za amplifaya ambazo hazikusogea kutoka rafuni.

Lori likaondoka saa tisa na robo.

Wiki tatu baadaye Nagumo akapiga simu. Amplifaya kumi na moja zilikuwa zimerudishwa dukani, zinaunguruma na zinachoma. Kurozumi alisikiliza akiwa amesimama, akiinamia simu kana kwamba Nagumo anamwona. Aliiweka chini. Alichukua nakala za kadi, akatoka mbio hadi uchochoro wa pili, na watu wakasikia sauti yake kutoka huku. Mitsue naye alisikia. Alikuwa ameshika bisibisi, na skrubu aliyokuwa anaizungusha akaipitisha mbali, ikabidi aanze upya kuanzia baridi.

Keshokutwa yake walipanda treni ya kasi kwenda Tokyo, yeye na Kurozumi, na boksi la keki za maharage magotini. Kurozumi alimchukua kwa sababu Nagumo alitaka kumwona mwenye mhuri.

"Mzee, ulimwambia nini Mzee Minakuchi?" Mitsue aliuliza. Ilikuwa mara ya nne kubadilisha kiti.

"Nimwambie nini? Nilimwonyesha kadi. Nne zimekwenda Tokyo zimerudi, mhuri wako huu hapa. Kwa hiyo chuma kizima. Chuma kikiwa kizima na kumi na moja zinaunguruma, kosa liko wapi? Mikononi. Nikamwambia mbele ya majirani, na sasa naona haya, lakini nilikuwa na hasira."

"Akasemaje?"

"Hakujitetea hata kidogo. Aliishika kadi muda mrefu, anautazama mhuri. Kisha akasema, 'Kama Mama Haginaka amekaa nazo zikapita, basi ni mimi. Nimezeeka.' Akainama mpaka paji likagusa sakafu. Nimemwachisha kazi. Mama Haginaka, utakaa lini?"

Mitsue alikuwa amesimama kwenye ujia wa behewa, ameshika kiti. Nje treni ilikuwa inavuka Mto Fuji, maji machache na mawe mengi meupe, na upande wa pili ulikuwa mashariki. Alitaka kusema pale pale. Badala yake akauliza wangefika saa ngapi, na alijichukia kwa kuuliza.

Tokyo walikula tambi kwanza, maana mtu haombi radhi na tumbo tupu. Kurozumi alilitazama bakuli na mchuzi wake mweusi, si ule mweupe wa kwao. "Hii ni supu au wino?" akamwuliza mhudumu kwa lafudhi nzito ya Osaka. Siku nyingine Mitsue angecheka. Hakuigusa tambi yake, na Kurozumi akaimaliza.

Bwana Nagumo alikuwa mtu mwembamba wa suti ya kijivu, mwenye adabu ya Kitokyo inayokufanya ujione umevaa viatu vya tope. Alipokea keki kwa mikono miwili, akaziweka pembeni. Juu ya meza kulikuwa na amplifaya moja, baridi. Akaiwasha, akaweka santuri ya piano, akavuta viti.

"Inaanza vizuri," akasema. "Naomba tungoje pamoja."

Wakangoja. Dakika tano. Kumi. Piano ilipiga polepole, ikaacha nafasi, ikapiga tena. Chai ikaletwa. Mguu wa Mitsue ukaanza kugonga sakafu, na Kurozumi, bila kugeuza uso, akaukanyaga. Ukaanza wa pili. Alihesabu vioo vya rafu, akahesabu spika, akahesabu vifungo vya koti la Nagumo. Dakika kumi na tano, na ilikuwa bado kimya, na kwa kitambo akatumaini, mjinga yule, kwamba ingebaki kimya.

Dakika ya ishirini na mbili, kati ya noti na noti, akasikia kitu kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Nyuki akakua. Mitsue akainuka, akaweka mgongo wa kiganja juu ya transfoma, na akauondoa upesi.

"Ningependa kujua," Nagumo akasema kwa upole, "nani aliyeizungusha transfoma hii."

"Ni mzee mmoja wa mtaani kwetu," Kurozumi akajibu, akiinama. "Umri umemwendea. Tumeshaachana naye, Bwana Nagumo. Halitatokea tena."

Lawama ilikuwa imeshapata mahali pa kulala. Mzee mwenyewe ameipokea, Kurozumi ameitamka, Nagumo alikuwa anatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Kilichobaki ni kwa Mitsue kukaa kimya, na kukaa hakukuwa fani yake.

"Si yeye," akasema.

"Mama Haginaka," Kurozumi akamwonya kwa sauti ya chini.

"Si yeye, Mzee. Chuma kilibadilika, na alituambia. Aliandika." Akatoa kile kikaratasi mfukoni, na uzi wake bado umening'inia, akakiweka mezani. Kando yake akauweka mhuri. "Zile nne zenye mhuri wa pili hazikukaa saa moja kwenye umeme wa huku. Moja ilikaa dakika saba. Tatu hazikukaa kabisa. Nilipiga mhuri tu. Nilichoka kukaa."

Nagumo aliondoa sindano kwenye santuri. Sasa ngurumo ilibaki peke yake chumbani. Akakisoma kikaratasi mara mbili.

"Kwa hiyo," akasema, "aliyeijua kazi yake ni huyu ambaye mmeshaachana naye."

Uso wa Kurozumi ulikuwa umeiva mpaka masikioni. Nagumo akaizima amplifaya na kutoa hukumu yake kwa adabu ileile. Zote arobaini atazirudisha. Zikija na transfoma mpya kabla ya mwezi kwisha, atazipokea, na ya mwaka mzima watazungumza. "Lakini nataka za mwenye mwandiko huu. Zikiwa za mtu mwingine, tafadhali msijisumbue."

Kwenye treni ya kurudi Kurozumi hakununua hata chai. Karibu na Nagoya akanyoosha mkono wake wazi.

"Mhuri."

Mitsue akampa. Mwanaume yule aliyeinama naye kwenye vizingiti kumi na tisa akautia kwenye mfuko wa shati na kugeukia dirisha. Mitsue alikaa. Alipigwa na aibu nzito kiasi kwamba miguu ilisahau kazi yake.

Jua lilikuwa bado halijatua walipofika, naye hakupita nyumbani. Alikimbia. Alipokaribia uchochoro wa pili alipunguza mwendo ili asikie, na hakusikia mtu akihesabu. Mlangoni kulikuwa na kitu kimefungwa kwa shuka kuukuu na kamba, na pembeni ya shuka ulijitokeza mkono wa mashine ya kuzungushia.

Bi Ritsu alifungua. Hakumkaribisha.

"Mnunuzi wa chuma chakavu anakuja kesho asubuhi," akasema. "Kama na wewe umekuja kununua, ongea naye."

Mitsue alivua viatu, akapiga magoti pale pale kizingitini, na akasema yote, kwa haraka, kama anavyofanya kila kitu. Kikaratasi, Ijumaa, dakika saba, kadi tatu. Minakuchi alikuwa ameketi ndani na miwani usoni, na mbele yake mlima mdogo wa waya wa shaba uliofunguliwa.

"Zile nne hazikwenda?" akauliza.

"Hazikwenda, mzee wangu."

"Hata moja?"

"Dakika saba."

Mzee akavua miwani. "Nilibaki na moja ya mzigo uleule. Nimeifungua. Siku mbili hizi nimeirudisha nyuma mzunguko mmoja mmoja, nahesabu, ili nione nilipokosea. Nikapata mia mbili na arobaini na mbili." Akausukuma kando ule waya. "Nikasema haiwezekani, maana mhuri unasema chuma ni kizima. Nikahesabu tena. Mia mbili na arobaini na mbili. Basi nikajua hata kuhesabu siwezi tena."

Mitsue alilia. Hakuficha uso, hakutafuta leso.

"Mimi nilimwambia," Bi Ritsu alisema nyuma yake. "Nilimwambia mhuri nao unaweza kusema uongo. Alinikaripia kwa ajili yako. Miaka hamsini ya ndoa, hajawahi kunikaripia."

"Ritsu," mzee akasema, "acha."

"Siachi."

"Acha, nasema. Nisaidie kuiingiza ndani mashine, isije ikaota kutu."

Mitsue akaruka kwenda kushika upande mmoja. Bi Ritsu akamtangulia, na yeye na mumewe, miaka mia moja na thelathini na sita kwa pamoja, wakaibeba wenyewe, wakitweta, huku Mitsue akibaki amesimama na mikono mitupu.

Kurozumi alikuja kesho yake asubuhi, na boksi jingine la keki, na aliinama mbele ya majirani walewale. Alikaa sana ndani. Alipotoka hakuwa na mhuri mfukoni.

Siku sita baadaye Mzee Minakuchi aliileta transfoma ya kwanza mwenyewe, kwenye mkokoteni wa baiskeli. Ilikuwa na mabati mengi zaidi na mizunguko mingi zaidi, nzito kuliko zile za mzigo uliopita, na mtaa mzima ulikuwa umeshamsikia akiihesabu. Ikafungwa ndani ya amplifaya. Mitsue akaiwasha ile mashine ya kona, na sakafu ikatetemeka. Hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba safari hii ni zote arobaini, saa moja moja.

Mzee alivuta kiti, akakaa kando yake. Akafungua kiganja. Mhuri ulikuwa humo.

"Mzee Kurozumi ameniachia," alisema, akipaza sauti juu ya ngurumo. "Anasema nitakupa nikiridhika."

Wakakaa. Wasichana wa meza ya risasi waliacha kupiga soga. Dakika kumi. Mguu wa Mitsue ulianza, akaubana kwa mguu wa pili. Dakika ishirini, akagusa: vuguvugu. Msichana mpya alikuwa anafunga boksi kichwa chini, kule, mbele ya macho yake, naye akamwacha. Ishirini na mbili ikapita bila nyuki. Arobaini. Mzee hakuitazama amplifaya hata mara moja, alimtazama yeye. Mitsue akagusa tena, na mkono wake, ule ambao haujawahi kumdanganya, ukamwambia kwamba kazi imekwisha, chuma kimetulia, hakipandi tena. Aliijua transfoma nzuri akiigusa, na hii ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kugusa. Akamgeukia mzee akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Tokyo, akanyoosha mkono kuupokea mhuri.

Minakuchi akaangalia saa ya ukutani.

"Bado dakika nne," akasema, na akafumba kiganja.

Mitsue akaurudisha mkono wake, akaukalia.